Ruhusa ya Mama Wariara

Wanyoike akishawafunga wageni jaketi za kuelea, huwaambia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Usisimame boti ikienda. Usitie mkono majini. Ukitaka kumpiga mtu picha, muulize kwanza, na asipotaka shusha kamera, usijifanye unampiga ndege aliye nyuma yake. Wavuvi waache kabisa, kwa sababu wengine hawana leseni, na wakiona kamera hudhani wewe ni mtu wa serikali, watakimbilia kwenye mafunjo na kuacha nyavu. Akina mama wanaofua kando ya ziwa na watoto wanaooga, hao hata usiombe. Wageni hucheka hapo kwa wavuvi, huitikia kwa vichwa, halafu tukifika katikati ya maji wanasahau yote.

Hilo la kusahau nalisema mimi, yeye hasemi. Mimi ni Ogada, nakaa nyuma kwenye injini. Wanyoike hukaa mbele na kuwaeleza wageni mambo ya Ziwa Naivasha. Watu hututania kwamba tulipaswa kubadilishana viti, kwamba Mjaluo hakai nyuma akaacha Kiingereza chake kioze. Kiingereza ninacho, ila hasira ninazo pia. Siku moja mgeni alimpiga picha mama aliyekuwa akimwosha mtoto. Mama akajifunika uso kwa leso, na mgeni akazidi kubonyeza. Nikakata kona moja ya ghafla, mgeni akakaa chini bila kupenda. Kamera haikulowa, bahati mbaya. Tangu siku hiyo mwenye boti alisema mdomo wangu na mkono wangu vikae nyuma.

Wanyoike yeye hakasiriki. Zamani alikuwa na maneno mengi tu, tulipokuwa tukifanya kazi pamoja katika mashamba ya maua. Alizaliwa Ndabibi, ng'ambo ya ziwa, baba yake akikamua ng'ombe kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla halijagawanywa. Mshahara wa maua alinunulia ploti mtaa wa chini, karibu na ziwa, ambako bei ilikuwa nafuu, na sasa sote tunajua kwa nini ilikuwa nafuu. Akajenga nyumba ya mawe, akaezeka mabati mekundu, akamleta Becky mkewe, wakamzaa Wariara.

Mtoto alipewa jina la nyanyake, mama wa Wanyoike, kama desturi ya Wakikuyu ilivyo. Kwa hiyo Wanyoike alimwita mami, na si kwa kudekeza tu. Mtoto naye alijua cheo chake. Ningefika pale jioni nimkute amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akimuuliza baba yake, "Kijana, umekula kweli?" Wanyoike alikuwa akijibu kwa adabu zote, "Nimekula, mami." Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia kuhojiwa namna ile.

Wariara alikufa kwa homa ya mapafu akiwa gredi ya pili. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Kwetu Wajaluo mtu hurudishwa nyumbani, na nyumbani si ploti ya mjini. Nikamwambia Wanyoike ampeleke mtoto Ndabibi, kwenye ardhi ya babu yake. Becky ndiye aliyekataa. Alisema anataka kumwona mtoto wake kila akianika nguo. Basi akazikwa kwenye kona ya ploti, na fundi mmoja rafiki yetu akachomelea msalaba mrefu wa mabomba ya chuma, mrefu kupita kiasi, akaupaka rangi nyeupe, akauwekea kibati cha jina la kuchonga chini kidogo ya mikono yake.

Halafu ziwa likaja. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni asiyebisha hodi, leo liko chooni, kesho liko kwenye sukuma wiki, siku nyingine unaamka unalikuta chini ya kitanda. Majirani walihama mmoja mmoja. Becky akaenda kukaa Ndabibi kwa wakwe zake, na Wanyoike akakodi chumba mjini kwa sababu ya kazi. Wakati huo tayari alikuwa amekufa ganzi. Hakulia mazishini, hakulia akihama. Nilimuuliza mara moja, tukifunga boti, kama haumii kupita juu ya nyumba yake mwenyewe kila siku. Akaniambia, "Ogada, sisikii kitu. Ni kama mguu ukilala. Unaupiga ngumi, unaona ni wa mtu mwingine."

Maana tunapita hapo kila siku kweli. Wageni walichoka na viboko, sasa wanataka kuona nyumba zilizozama. Kwanza tunawaonyesha furukombe, yule tai mla samaki. Unamtia samaki kipande cha funjo mdomoni ili aelee, unapiga mluzi, unamtupa, na tai anashuka kumnyakua kamera zote zikilia. Kisha tunawapeleka mtaa wa chini. Mabati yamejitokeza juu ya maji, nguzo za stima hazina nyaya, mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wamekaa juu ya paa la kanisa. Na pale kwenye kona ya ploti ya Wanyoike, msalaba umetokeza mabega na kichwa, na juu yake hukaa mnandi, ndege mweusi wa majini, akitandaza mabawa yakauke.

Wageni wanampenda huyo mnandi kuliko tai. Mabawa yametanda juu ya mikono ya msalaba, nyuma ni maji na vilima, nakubali ni picha nzuri. Wanyoike huwaambia, "Huyu ni mnandi. Manyoya yake hulowa, ndiyo maana lazima ayaanike baada ya kuzamia samaki." Halafu anangoja wamalize. Hakuna aliyewahi kuuliza ndege amesimama juu ya nini. Wana macho, wana miwani ya kuvuta mbali, lakini walimwona ndege tu.

Mimi huko nyuma nilikuwa nachemka. Lakini kusema nako kuna ubaya wake. Maxwel, kapteni wa boti nyingine, aliwahi kuwaambia wageni wake lile ni kaburi la mtoto, na baba yake ndiye yule pale mbele kwenye boti inayokuja. Tulipopishana nao wakamwacha ndege wakageuza kamera zote kwa Wanyoike. Waliinama, wakavuta lenzi, mmoja akaonyesha uso wa huruma huku anabonyeza. Wanyoike akatulia kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Tulipofika ufukoni nilimshika Maxwel shati na nisingetenganishwa ningelichana.

Kila jioni Becky alikuwa akipiga simu. Simu ya Wanyoike imeharibika sikioni, haisikiki mpaka aweke spika, kwa hiyo mambo ya nyumba yao nayajua bila kutaka. Swali lilikuwa moja. "Msalaba bado iko?" Naye angejibu, "Iko." Jioni moja akajibu, "Ilianguka. Imezama." Becky akasema sawa, akakata.

"Mbona umemwambia hivyo?" nikamuuliza.

"Nimechoka kuulizwa," akasema.

Becky hakuuliza tena. Tangu hapo walikuwa wakizungumza habari za ndama na mahindi.

Sasa, asubuhi moja alikuja mama mmoja akiwa peke yake, mzungu wa makamo mwenye kofia ya bluu, amekodi boti nzima kwa siku. Wanyoike alipomwambia maneno yake ya jaketi, huyu hakucheka kwa wavuvi. Alitoa kamera, akanigeukia mimi huku nyuma, akaniuliza kama anaweza kupiga picha ya mikono yangu kwenye injini. Nikasema hapana, ili nimwone atafanya nini. Akasema sawa, asante, akageuka mbele. Kusema kweli niliona haya kidogo, mikono yangu haina siri yoyote. Tukakutana na wavuvi, nikajiandaa kuwaona wakitoroka. Akawauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, na wale wahalifu wakainua kambale wakubwa na kutabasamu mpaka magego. Kuuliza si ujinga, watu husema. Mimi sikujua kwamba kunaweza kuwafanya hata wasio na leseni wapange mstari.

Tukafika mtaa wa chini. Mnandi alikuwa mahali pake, mabawa wazi. Wanyoike akasema, "Huyu ni mnandi." Mama akainua kamera, akatazama, akaishusha. Akauliza ndege amesimama juu ya nini.

"Msalaba," akasema Wanyoike.

Akauliza ni wa kanisa?

"Hapana. Ni kaburi."

Akauliza kama watu wa kaburi lile wanajulikana, kama kuna mtu wa kumuomba ruhusa.

Nilizima injini. Maji yakawa yanapiga ubavu wa boti. Wanyoike aliangalia ule msalaba, akasema kwa sauti ile ile anayotajia ndege, "Ni wa mtoto wangu."

Mama akavua kofia. Hakusema pole mara kumi kama wafanyavyo. Akasema basi ruhusa anaiomba kwake, na akikataa hakuna neno.

Nilijua Wanyoike atajibu nini. Angesema piga, kama alivyowaacha wengine wote. Badala yake alijipangusa magoti. "Si mimi," akasema mwishowe. "Ruhusa ni ya mama yake." Na hapo mgeni angesema basi tuache. Alikuwa amefungua mdomo kusema hivyo, nilimwona. Lakini Wanyoike alikuwa ameshatoa simu. Nikampungia mkono asipige, nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Sijui kama aliniona. Nadhani aliniona.

"Becky."

"Mbona unapiga saa hii? Si uko job?"

"Niko. Kuna mgeni hapa anataka kupiga picha pale kwa mami. Ameuliza ruhusa, nikamwambia ni yako."

Ng'ombe akalia huko Ndabibi.

"Kwa mami wapi?"

"Kwa msalaba."

"Msalaba gani?"

Wanyoike akageuka kuutazama.

"Wanyoike. Si ulisema ilianguka?"

"Haikuanguka."

"Unaniambia iko."

"Iko. Imetokeza juu. Kuna ndege hukalia."

"Hukalia msalaba ya mtoto wangu?"

"Ni ndege tu, Becky."

"Na hao wageni wanapiga picha."

"Ndio."

"Tangu lini?"

"Tangu maji ije."

Nilitamani injini iwe inanguruma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiusikiliza kwenye spika kama taarifa ya habari. Yule mama hakuwa anaelewa maneno yote, lakini alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwambie asipige," akasema Becky. "Nakuja. Nachukua boda mpaka pale ng'ombe hunywa maji. Mkuje mnitoe hapo."

Wanyoike akamwambia mgeni, mama wa mtoto amekataa. Mgeni akaitia kamera mkobani, akafunga zipu. Nimebeba wageni wengi, na zipu ile ndiyo ya kwanza niliyoisikia ikifungwa kwa sababu ya neno la mtu wetu. Nikamweleza kwamba tunatakiwa kuvuka ziwa lote kumchukua mwenye mtoto, na kwamba mchana ziwa hili huamka na upepo, si jambo la mchezo. Akasema boti ni yake siku nzima, twende.

Njiani Wanyoike hakueleza kitu. Tulipita viboko, tukapita mwari kundi zima, akawa anaangalia mbele tu. Ngozi ya uso wake ilikuwa imelala vile vile.

Becky alikuwa amefika kabla yetu. Alisimama kwenye tope na gambuti zake za shamba, aproni ya kukamulia bado kifuani, mwendesha boda akiwa nyuma yake. Hakuwa amebadilisha chochote. Nikampa mkono akapanda. Alimsalimia mgeni kwanza, kwa mikono miwili, kama mtu anayempokea mlangoni. "Karibu. Karibu sana." Akanigeukia, "Ogada, mama watoto hajambo?" Nikasema hajambo. Akafunga jaketi, akakaa katikati ya boti. Kwa mumewe hakutoa salamu.

Tukiwa nusu ya ziwa ndipo alipomsemesha, akitazama maji.

"Ungeniambia tu umechoka."

"Ningekuambia aje?"

"Na mdomo."

Basi.

Tulipokaribia, mnandi akaruka. Mikono ya msalaba ilikuwa imejaa mavi ya ndege, yameganda, rangi ya fundi huioni. Becky alivua kitambaa chake cha kichwa, akakichovya ziwani, akaanza kusugua. Boti ikawa inasukumwa mbali, anabaki kuukuna msalaba kwa ncha za vidole. Nikamwambia Wanyoike, "Bwana, shika hapo, boti itulie." Tangu maji yaje hakuwa ameugusa. Aliutazama, kisha akanyoosha mkono mmoja akaushika shingoni.

Becky akasugua mkono wa kulia, akasugua wa kushoto, akisuuza kitambaa na kurudia, bila haraka, jinsi mtu anavyomwosha mtoto aliyerudi kucheza. Mgeni alikuwa amegeuka upande wa pili kabisa, anaangalia mabati ya jirani ambayo hayana la kuangaliwa. Halafu Becky akainama, akatia mkono majini mpaka begani, shavu lake likagusa maji. Alikuwa akitafuta kibati. Alipokipata alitulia, na nikaona midomo yake ikifuata herufi alizosoma kwa vidole.

"Jina iko," akasema. "Haijatoka."

Alipoinuka, upande mmoja wa gauni ulikuwa umelowa chapachapa. Akamwambia mgeni, kwa Kiingereza cha shule alichokuwa nacho, kwamba sasa anaweza kupiga, lakini na wao wawe ndani, yeye na mumewe.

Hapa lazima niseme jambo. Wageni hufundishwa huko kwao kwamba mazishi ya watu hayapigwi picha, na ni vyema wafundishwe hivyo. Sisi wenyewe lakini hatuziki bila picha. Tunaajiri mpiga picha, mshereheshaji anaita jamaa kwa makundi, shangazi waje, wajukuu waje, kwaya ije, kila mtu anasimama kando ya jeneza. Mazishi ya Wariara nina picha zake. Darasa lake limo, wajomba wamo, mimi nimo na tai ya kuazima. Wazazi walipoitwa Becky alikuwa amelazwa ndani akimwagiwa maji, na Wanyoike alikuwa nyuma ya nyumba akitafuta sepetu ambayo watu walikuwa wameshaishika. Picha yao na mtoto haikupigwa.

Mgeni aliuliza tena kama ana hakika. Becky akasema ana hakika. Akasogea mbele, akakaa kando ya mumewe, akajifunga kile kitambaa kilicholowa vile vile kichwani. Zipu ikafunguliwa. Mgeni akapiga, akashusha, akamletea Becky aone kwenye kioo cha kamera. Becky aliitazama sana.

"Baba Wariara," akasema, "umekonda hivi?"

Upepo ulikuwa umeshaanza, maji yanapanda na kushuka, na mimi nilikuwa na ziwa la kuvuka na mtu wa kurudisha Ndabibi kabla mambo hayajaharibika. Nikawasha injini. "Haya, Wanyoike, achilia." Hakuachilia. Mkia wa boti ukaanza kuzunguka, yeye akiwa ndiye nanga. "Achilia, bwana, utaung'oa!"

"Ogada," akasema, na sauti haikuwa ile ya kutajia ndege. "Mkono umekataa."

Nikamwona bega likitikisika, kisha mgongo wote. Kililipuka kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume, kikapiga mabati ya nyumba zilizozama, mwari wa kanisani wakaruka. Becky hakujaribu kumfungua vidole. Alimshika kiunoni kwa mikono yote miwili, akamkaza, akawa anamwambia, "Shika. Shika tu."

Nikazima injini. Nikachukua kasia, nikalikita kwenye tope la ploti yao, nikaegemea kwa uzito wangu wote ili boti isimvute.